Bakuli la Rameni na Swali Tuliloona Haya Kuuliza



Shukrani zote ni za Allah (Subhanahu wa Ta'ala), aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na kutukataza vilivyo viovu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu wasomaji, wiki chache zilizopita mwanafunzi mmoja wa darasa letu la jioni aliinua mkono akauliza: "Ustadh, tambi za pakiti ni halali?" Wenzake wakacheka, kwa sababu walijua kwao hazikosekani. Sisi hatukucheka. Swali hilo lilitukumbusha bakuli moja tulilokula mbali sana na nyumbani. Siku nyingi tulikuwa tunaahirisha kulisimulia katika ukurasa huu, na leo tumeona tulisimulie lote, hata pale linapotuaibisha, huenda likamfaa kijana anayejiandaa kwenda kusoma ng'ambo au familia inayotaka kusafiri.

Nyumbani kwetu Buyenzi, hapa Bujumbura, tambi zilianza kuingia kama zinavyoingia kwa wengi. Mama watoto amechelewa kurudi, watoto wana njaa, makaa yamekwisha. Pakiti inafunguliwa, maji yanachemka, dakika tatu chakula kiko tayari. Hatukuwahi kuisoma pakiti yenyewe. Tuliangalia bei tu.

Wachache wanajua chakula hiki kilikotoka. Wajapani wana chakula wanachokiita rameni: tambi za ngano ndani ya supu nzito, na juu yake yai, majani ya kitunguu na vitu vinginevyo. Asili ya tambi hizo ni China. Wahamiaji wa Kichina walizipika katika miji ya bandari kama Yokohama, na mwaka 1910 ukafunguliwa mkahawa mashuhuri wa tambi hizo mtaa wa Asakusa, mjini Tokyo, ukiwa na wapishi wa Kichina. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Japani ilikuwa na njaa. Bwana mmoja aitwaye Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan, aliwaona watu wa Osaka wamepanga foleni kwenye baridi wakisubiri bakuli moja la tambi. Picha hiyo haikumtoka. Mwaka 1958 akafanikiwa kuzikaanga tambi zilizokwisha pikwa, mafuta yakafukuza maji na kuacha vijitundu vidogo vidogo, ili maji ya moto yakimiminwa yaingie humo na tambi zilainike upesi. Mwaka 1971 akazitia kwenye kikombe. Alifariki mwaka 2007, na pakiti yake ikiwa imekwisha fika hata kwenye vibanda vya Buyenzi.

Basi tuje kwenye safari yetu.

SAFARI YA JAPANI

Kaka yake mama watoto anaishi Kawasaki, mji ulio kati ya Tokyo na Yokohama. Kazi yake ni kununua magari yaliyotumika na kuyasafirisha kwa meli kuja Afrika. Gari nyingi tunazopanda hapa Bujumbura, zile zenye usukani upande wa kulia, zilipita mikononi mwa watu kama yeye. Mwaka 2019 alitukata tiketi ya kumtembelea, sisi wawili na binti yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu. Tuliondoka mwezi wa Novemba, tukapitia Addis Ababa, tukafika tukiwa tumechoka na tumetetemeka kwa baridi.

Kabla ya kuondoka tuliwaaga wanafunzi wetu kwa darsa ndefu juu ya chakula cha halali. Tulieleza Hadithi mashuhuri ya An-Nu'maan bin Bashiir (Radhiya Allahu anhu), iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayogawa mambo katika halali iliyo wazi, haramu iliyo wazi, na yale ya katikati yenye shaka. Tuliwaambia kwa sauti kubwa kuwa Muislamu akifika ugenini asione haya kuuliza. Kumbukeni maneno hayo, ndugu wasomaji, kwa sababu siku ya tatu tu tuliyasahau.

Siku hiyo shemeji alikuwa kazini bandarini. Tukatoka watatu kutembea, tukapotea kidogo, na adhuhuri ikapita tukiwa na njaa. Mbele yetu palikuwa na mkahawa mdogo wenye pazia la kitambaa mlangoni, na harufu iliyotoka humo ilitusimamisha. Ilikuwa harufu ya ndagala! Si mfano wa ndagala, bali ndagala hasa, wale wakavu wa Ziwa Tanganyika waliochemshwa na chumvi. Mama watoto alicheka akasema, "Kumbe tumefika nyumbani." Ukutani palichorwa samaki wadogo. Tukajiambia: hapa ni pa samaki, na samaki hana tatizo.

Mikahawa mingi ya namna hiyo huko haina mtu wa kukuuliza unataka nini. Mlangoni kuna mashine yenye vitufe na picha. Unatia pesa, unabonyeza, kinatoka kikaratasi, unampa mpishi. Tulichagua picha isiyokuwa na nyama: yai, karatasi nyeusi za mwani, na vitunguu. Binti yetu alituvuta mkono akasema, "Baba, si tuulize kwanza?"

Tukatazama ndani. Watu walikuwa wameinamia mabakuli yao kimya, nyuma yetu watu wawili walikuwa wanasubiri zamu, na mpishi alikuwa mbioni. Lugha hatuijui. Tukamjibu mtoto, "Huoni picha ni ya samaki?" Tukabonyeza.

Bakuli likaja. Supu ilikuwa nzito, ya rangi ya chai ya maziwa, na juu yake yalielea matone ya mafuta meupe. Tulisoma Bismillah tukaanza. Ilikuwa tamu, hatutaficha. Katikati ya kula mama watoto alisema jambo moja: "Midomo inanata kama nimekunywa supu ya miguu ya ng'ombe." Mpishi yeyote wa kwetu anajua kwamba samaki hafanyi midomo inate namna ile. Inayonata ni mifupa iliyochemshwa saa nyingi. Tulilisikia neno lile, na tukaendelea kula.

Usiku shemeji alirudi. Binti yetu alikuwa amepiga picha ule ubao wa mlangoni kwa ajili ya kuwaonyesha rafiki zake. Mjomba wake akaichukua simu, akasoma, akanyamaza kidogo. Kisha akasema taratibu: "Shemeji, hapa wameandika supu ya samaki na mifupa ya nguruwe."

NANI WA KULAUMIWA?

Ndugu wasomaji, nyumba nzima ilikuwa kimya. Mama watoto alikwenda kusukutua kinywa, akarudi, akaenda tena. Binti yetu hakusema "niliwaambia." Alitutazama tu, na tungependa angesema.

Wa kwanza kumlaumu alikuwa mwenye mkahawa, na tulimlaumu kwa dakika kama tano. Lakini alitukosea nini? Ubaoni aliandika ukweli kwa lugha yake. Hakutuita, hakutudanganya. Ni kawaida huko kuchanganya samaki wakavu na mifupa ya nguruwe katika sufuria moja, na wateja wake wanalijua hilo.

Wanavyuoni wametufundisha kwamba aliyekula haramu kwa kutojua hana dhambi, na aya ya 5 ya Suratul Ahzaab inatufariji kuhusu makosa yasiyokusudiwa. Lakini tulipokaa kwenye mswala usiku ule, swali lililotusumbua lilikuwa jingine. Je, tulikuwa hatujui, au tulikuwa hatutaki kujua? Mtoto alituambia tuulize. Ulimi ulituambia. Mwenzetu alituambia. Tulinyamaza kwa sababu tuliona haya mbele ya watu wasiotujua, ambao hatutawaona tena maishani. Tukamwomba Allah msamaha, si kwa kutojua kwetu, bali kwa ile haya.

Haya ni sehemu ya imani, na ni pambo la muumini. Lakini haya inayomzuia mtu kuuliza habari za dini yake si ile inayosifiwa. Hilo nalo tulikuwa tunalifundisha kila mwaka.

TUKAANGUKIA UPANDE WA PILI

Baada ya hapo tulifanya kosa la pili. Siku nne hatukula chochote kisichotoka mikononi mwa mama watoto. Biskuti, hapana. Mkate, hapana. Hata chumvi ya shemeji tuliitazama mara mbili.

Jirani wa shemeji ni bibi mzee anayeishi peke yake. Alisikia wageni wamefika kutoka Afrika, akabisha hodi akiwa na viazi vitamu vilivyochomwa kwa maganda yake, vimefungwa kwenye gazeti, bado vinatoa moshi. Tulimshukuru kwa kuinama kama tulivyofunzwa, kisha tukavirudisha mikononi mwake. Uso wa yule bibi ulibadilika. Aliinama, akaondoka navyo.

Shemeji alisubiri mlango ufungwe. Akasema, "Ustadh, na kiazi nacho kina mifupa?"

Kwa heshima hakuongeza neno. Kiazi kilichotoka shambani, kikachomwa kwa maganda yake, ni kama vile tunavyokula hapa Burundi kila siku. Tulikuwa tumeharamisha kilicho halali kwa hofu, na tumemvunja moyo jirani. Dini yetu imempa jirani haki kubwa, awe Muislamu au asiwe. Basi ile ya kwanza ilikuwa uzembe na hii ya pili wasiwasi, na zote mbili zilitokana na kutouliza. Asubuhi yake mama watoto alipika maandazi, tukampelekea bibi kwa mikono miwili. Tukamwomba shemeji amweleze habari zetu, nasi tukaomba viazi vyetu. Alicheka hadi akashika kifua. Jioni vikaja vingine, vingi kuliko vya mwanzo.

MPISHI ALIYEVUKANISHA MIKONO

Shemeji akatuandikia kikaratasi kwa Kijapani: sisi ni Waislamu, hatuli nguruwe, wala mafuta yake, wala nyama isiyochinjwa Kiislamu, wala hatutumii pombe hata ya kupikia, je, hapa kuna tunachoweza kula? Siku mbili baadaye, tukiwa Yokohama, tuliingia mkahawa mwingine. Kwa mazoea tulikuwa tumekwisha tia pesa kwenye mashine na kutoa vikaratasi vitatu, ndipo binti yetu akampelekea mpishi kile kikaratasi chetu.

Alikuwa mzee mwenye kitambaa kichwani. Alikisoma. Akakisoma tena. Akaiacha kazi yake na foleni ya wateja, akatoka jikoni, akasimama mbele yetu, akavukanisha mikono yake kifuani kama herufi X. Ndivyo Wajapani wanavyoonyesha kuwa jambo haliwezekani. Akatuonyesha sufuria kubwa, akatikisa kichwa. Akatuonyesha chupa ya sosi, akatikisa kichwa. Kisha akaifungua ile mashine kwa ufunguo, akahesabu pesa zetu, akazirudisha kwa mikono miwili, akainama kama yeye ndiye aliyekosa.

Mtu huyu hajui Qur'ani. Angeweza kutuuzia, na sisi tusingejua. Alipoteza wateja watatu ili asitulishe tusichotaka. Tulipotoka nje mama watoto alisema, "Hii ndiyo amana." Na kweli, tuliona tabia ambayo wauzaji wengi wa kwetu, wenye kanzu na kofia, tungewatamania.

Ijumaa tuliswali katika msikiti mkubwa wa Tokyo. Msikiti wa mwanzo mahali hapo ulijengwa mwaka 1938 kwa ajili ya Waislamu wa Kitatari waliokimbilia Japani, na huu wa sasa, uliojengwa kwa mtindo wa Kituruki, ulifunguliwa mwaka 2000. Baada ya swala tulizungumza na wanafunzi wa Kiindonesia, na wao ndio waliotuelekeza kwenye rameni ya halali kule kule Asakusa.

Tulikwenda jioni ile. Cheti kilikuwa kimebandikwa ukutani, na hata hivyo tuliuliza! Mhudumu alijibu kwa furaha: kuku amechinjwa kwa sheria, hakuna mvinyo ndani ya sosi. Supu ilikuwa nyepesi, yenye harufu ya tangawizi na kitunguu, tambi za manjano zenye kukaza meno. Wajapani huvuta tambi kwa mlio, na huko si utovu wa adabu. Binti yetu alituomba ruhusa kwa macho. Tukamruhusu kwa siku moja. Tofauti kubwa ya bakuli lile na la kwanza haikuwa kwenye ladha. Usiku ule tulilala.

RAMENI YA BUYENZI

Tuliporudi Bujumbura watoto waliobaki walidai haki yao. Tukajaribu nyumbani, na hivi ndivyo tunavyofanya hadi leo.

Mifupa ya kuku wawili, na miguu yao iliyosafishwa vizuri, tunaichemsha kwa moto mdogo kuanzia baada ya Adhuhuri hadi karibu na Magharibi, pamoja na tangawizi, kitunguu na kitunguu saumu. Nusu saa ya mwisho tunatia konzi mbili za ndagala wakavu waliotolewa vichwa ili wasilete uchungu. Wajapani nao hupika supu kwa dagaa wao wakavu, ndiyo maana harufu ile ilituita. Tunachuja, tunatia chumvi na sosi ya soya tuliyoisoma chupa yake.

Tambi za rameni hutengenezwa kwa maji yenye magadi, ndiyo yanayozipa rangi ya manjano na ule ugumu mzuri. Sisi tunatumia spageti nyembamba za dukani, tukizichemsha kwenye maji yenye bikaboneti ya unga, ile inayotiwa kwenye maandazi: kijiko kidogo kimoja na nusu kwa lita moja. Sufuria iwe kubwa kwani maji hufura. Mara ya kwanza tulitia vijiko vitatu vikubwa, na chakula kikanuka sabuni. Watoto walikula kwa adabu, kisha wakaomba mkate.

Juu tunaweka yai la kuchemsha, lengalenga na pilipili. Bakuli la kwanza hupelekwa kwa jirani.

TULICHOWAAMBIA WANAFUNZI

Tuliporudi darasani mwaka ule tulisimulia viazi, msikiti na baridi. Bakuli la kwanza tuliliruka. Ndiyo maana swali la juzi lilitugusa. Safari hii tukawaambia yote. Darasa lilinyamaza, kisha mvulana mdogo akauliza, "Hata wewe, Ustadh?" Tukajibu: hata sisi. Tukawaambia pia kwamba aliyekuwa mwalimu siku ile alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na sisi ndio tuliofeli.

Kuhusu tambi za pakiti, jibu letu ni hili: tambi zenyewe kwa kawaida ni ngano na mafuta, na jambo la kuangaliwa zaidi ni kile kipakiti cha unga wa ladha na aina ya mafuta. Tafuteni alama ya halali kutoka taasisi inayojulikana, someni viungo, na msipoelewa ulizeni.

Kwa vijana wanaosafiri, tunawaachia haya machache:

1. Jifunze maneno ya nchi unayokwenda kabla ya kuondoka. Kwa Japani, "buta" ni nguruwe, "tonkotsu" ni supu ya mifupa ya nguruwe, "chashu" mara nyingi ni nyama yake, "rado" ni mafuta yake, na "mirin" na "sake" ni pombe zinazotumika pia jikoni.

2. Beba kikaratasi kilichoandikwa na anayeijua lugha. Kikaratasi hakioni haya.

3. Usitosheke na kutoiona nyama. Uliza habari za supu, mafuta na sosi.

4. Anza kwa msikiti wa mji huo. Waislamu wenyeji wanajua pa kula.

5. Ukishauliza na ukapata jibu la kuaminika, kula kwa utulivu na umshukuru Mola wako. Wasiwasi usio na dalili si ucha Mungu.

6. Wazazi, mtoto akikuvuta mkono na kusema "tuulize kwanza", simama.

Tunamuomba Allah atukinge na haramu tunayoijua na tusiyoijua, atupe ujasiri wa kuuliza na unyenyekevu wa kukubali tunapokosea, na amjaalie uongofu yule mpishi mzee wa Yokohama na yule bibi wa viazi. Lililo sawa katika haya linatoka kwa Allah, na lililo kosa ni letu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.